Bembea za Jumatatu ya Pasaka

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nguo zimerudi ndani, zinanuka. Maharage yameungua chini. Nimekula ya juu.

Chuo kimefungwa mpaka baada ya Pasaka. Wakenya wenzangu wote wamepanda basi. Mimi nimebaki Kawempe, huku ng'ambo ya mpaka. Nyumbani Kimilili kuna kaburi la mama na kuna kaka Wafula. Sina hamu na kimoja wala kingine.

Okot amegonga mlango mara mbili leo. Chumba chake kinafuata changu, tunasoma darasa moja, ufundi wa friji. Mara ya kwanza alileta parachichi. Mara ya pili alikuja kuuliza kama nimelila. Sikulila. Nimelichukia parachichi bila kosa lake.

Niandike mara moja, nisirudie. Mama alifariki Februari, tukiwa tunaanza mitihani. Wafula hakunipigia mimi. Alimpigia Okot, wakakubaliana nisiambiwe mpaka karatasi ya mwisho. Ndivyo watu wanavyofanya, ati mwanafunzi asivurugwe. Okot akaniomba simu, akasema yake imeingia maji. Akakaa nayo wiki nzima. Wiki hiyo alinifulia mashati. Alininunulia chapati na mayai kila jioni. Mama alizikwa Jumamosi. Jumamosi hiyo mimi na Okot tulitazama mpira kwa fundi viatu, na nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Jumatano, baada ya karatasi ya mwisho, akanirudishia simu na kuniambia.

Nilipofika nyumbani udongo ulikuwa umeshakauka.

Jumatano, 12 Aprili

Nakato amekuja. Ndiye msichana pekee darasani kwetu na ndiye anayetuamuru sote. Ameamua kwamba nimeomboleza vya kutosha. Jumatatu ya Pasaka tunakwenda kwenye bustani ya michezo, ile mpya mbele ya Nateete, yenye bembea za kuzunguka na gari-moshi la kupanda vilima. Mimi, yeye na Okot. Okot ameshanunua tiketi tatu.

Nikasema siendi.

"Banange, Simiyu! Gwe unataka kuria mpaka Klisimasi?"

Silii. Hilo ndilo linaloniudhi. Sijalia hata siku moja. Wananifariji kwa jambo nisilolifanya.

Mama alikuwa akizima redio matangazo ya vifo yakianza. Alisema, habari ya msiba wangu mtu ataniletea kwa mdomo wake. Nimelikumbuka hilo nikiosha sufuria. Sijamwambia Okot. Tangu Februari sijamwambia neno hata moja kuhusu mama. Anauliza, mimi natoka nje. Hilo angalau nimelishika mimi.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Ibada asubuhi. Mahubiri marefu, viti vya plastiki.

Mchana nimekwenda hospitali ya Mulago kumwona baba yake Okot. Siwezi kumkasirikia mzee kwa ajili ya mwanawe. Ni sajini mstaafu wa polisi. Walimleta kutoka kwao kaskazini mwezi uliopita, figo. Okot na dada yake Aber wanapokezana kulala chini ya kitanda chake. Aber naye ni polisi, anakuja na sare. Okot amekonda. Nimeliona leo na sikutaka kuliona.

Mzee anaongea Kiswahili cha kambini, kila neno amri. Akanishika mkono.

"Wewe ndiyo Mkenya. Pole ya mama. Ulizika yeye vizuri?"

Okot akatazama sakafu. Aber akaanza kukunja shuka iliyokuwa imekunjwa tayari.

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Vizuri."

"Basi. Jumatatu mnaenda kucheza, nyinyi wawili. Huyu wangu ananuka hospitali. Hiyo si ombi."

Nikasema ndiyo, afande. Akafurahi.

Nimerudi kwa miguu mpaka Kawempe kwa hasira. Nimesema uongo kumsitiri Okot. Yeye alisema uongo, sasa na mimi nasema wake. Na nimejifunga kwenda kwenye bembea.

Jumamosi, 15 Aprili

Mimi na Okot tumegombana bombani. Yeye na mtungi wake, mimi na wangu, majirani wanasikiliza.

"Mimi naomba samahani mara ngapi? Wewe sema namba."

Sina namba.

"Ungejua, ungeacha mtihani. Ungefeli."

"Ningefeli."

"Sasa mama yako angefurahi?"

Nikamwambia asimtaje mama. Akamwaga nusu ya maji yake kwa hasira, akalazimika kupanga foleni upya. Nilifurahi. Kisha sikufurahi.

Nilifaulu vizuri karatasi zote. Matokeo yapo chini ya godoro. Sijui nimwonyeshe nani.

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili

Wapangaji wamechinja kuku. Nimeletewa kidari. Okot hakuwepo, alikuwa zamu Mulago. Mama alikuwa akimpa kidari mgeni na firigisi mimi, kwa siri, nyuma ya mlango wa jikoni.

Sitaki kwenda kesho.

Jumanne, 18 Aprili

Jana sikuandika. Naandika sasa kwa utaratibu.

Tulifika mapema na bado palikuwa pamejaa. Watoto wenye nguo mpya za Pasaka, akina mama na vikapu vya chakula, muziki kutoka kila upande. Nakato alivaa miwani ya jua na akatupangia siku. Kwanza magari ya kugongana. Okot alinigonga kwa nyuma, mara ya kwanza taratibu, kama anayebisha hodi. Nikamgonga kwa nguvu. Akacheka. Nikamgonga tena. Alidhani tunacheza.

Gari-moshi la vilima lilikuwa na foleni ya kupita kiasi. Tulisimama juani mpaka jamaa akaja kutuambia limeharibika. Nakato akamfokea. Nilitaka kurudi nyumbani. Nikasema. Wakajifanya hawakusikia.

Zikabaki bembea za kuzunguka. Viti vimening'inia kwa minyororo, mtambo unavinyanyua na kuvizungusha. Sikupanda. Nikasema nitashika mizigo, maana lazima mifuko iwe mitupu. Nakato akanipa mkoba na miwani. Okot akanipa viatu, funguo na simu. Alinipa simu bila kufikiri, akakimbilia kiti.

Zamu ya kwanza ilikuwa haijaanza kupanda juu. Simu ikalia. Aber.

Nikapokea. Nikasema, mimi ni Simiyu, Okot yuko kwenye bembea.

Akasema mzee amezidiwa tangu saa nne. Hawezi tena kukaa. Daktari amewaambia waite watu wao. Sauti yake ilikuwa ya kazini kabisa.

"Lakini usimwambie sasa. Huyo kijana hajapumzika mwezi mzima. Wacha acheze. Jioni umwambie tu kwamba mzee hajisikii vizuri, mje pole pole."

Nikauliza, "Bado anaongea?"

"Kidogo."

"Basi kwa nini asije sasa?"

"Simiyu, tafadhali. Na wewe unajua haya mambo."

Akakata.

Nikatazama juu. Bembea zilikuwa zimeshapaa. Okot alikuwa kiti cha nje, miguu peku, mdomo wazi. Anacheka. Alicheka vile nilivyocheka mimi kwa fundi viatu. Nakato kiti cha nyuma yake anapiga mayowe. Kila akipita juu yangu ananipungia mkono.

Mambo mawili yalinijia. La kwanza ni baya: acha na yeye aone. La pili lilinitisha zaidi. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Ningekaa kimya tu. Ningemnunulia soda. Angecheka mpaka jioni na ningekuwa rafiki mzuri. Nilielewa wiki yake yote pale, mashati na chapati. Na kuelewa hakukunipunguzia hasira. Kulinizidishia.

Nikamwendea mwendesha mtambo. Nikamwambia asimamishe, kuna mgonjwa. Akauliza mgonjwa yuko kiti gani. Nikasema yuko Mulago. Akacheka.

"Ssebo, ngoja raundi iishe."

Nikapita chini ya kamba. Watu wakaanza kupiga kelele. Mama mmoja akasema Mkenya amelewa Pasaka, sijui alijuaje kwamba ni Mkenya. Yule jamaa akaona nimesimama karibu na mtambo na viatu vya mtu mkononi, akazima, akinitukana kwa Kiganda. Bembea zikashuka polepole. Polepole mno.

Nakato aliruka kwanza. "Simiyu, umelogwa? Tumelipa!"

Okot alikuwa bado anacheka. Nikamwambia hivi, na naandika kama nilivyosema: "Mzee amezidiwa. Aber ameniambia nisikuambie. Bado anaongea. Twende."

Kicheko hakikuondoka mara moja. Kilibaki usoni, macho yakiwa yameshabadilika. Sitaki kuona kitu kama kile tena.

Akavaa viatu kinyume. Nakato akapiga magoti, akamvua na kumvika sawasawa. Kisha akakimbia mbele yetu mpaka barabarani, akasimamisha boda mbili kwa kujiweka mbele yake.

Barabara ya Nateete ilijaa watu wa sikukuu. Boda yetu ilipanda hata kwenye njia ya miguu. Nilikaa nyuma ya Okot. Karibu na soko tulisimama kabisa, lori la ndizi limekwama. Hapo ndipo alipogeuka.

"Ndiyo ulitaka hivyo? Mbele ya watu wote? Mimi peku?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Wewe ni mtu mbaya, Simiyu."

Nilidhani huenda ni kweli. Akageuka mbele. Baada ya muda akarudisha mkono nyuma, akashika goti langu ili asianguke, na hakuuondoa.

Tulifika. Mzee alikuwa anapumua kwa kelele, lakini macho wazi. Alimtambua. Aber alinitazama mara moja tu, na ilitosha.

Mzee akasema kitu. Okot akainama. Mzee akarudia.

"Mlipanda nini?"

Okot akamweleza. Magari ya kugongana, foleni, bembea. Alieleza yote, hata mwendesha mtambo alivyonitukana, na akamwigiza kwa sauti. Mzee alivuta mdomo upande mmoja, kama anayetabasamu. Mimi na Nakato tukatoka.

Nilikaa ukutani kwenye korido nikiwa na mkoba wa Nakato begani. Nikalia. Kwa sauti, kama mtoto. Nakato hakusema niache. Alisema tu, "Ehh, sasa ria."

Alhamisi, 20 Aprili

Baba yake Okot alifariki jana alfajiri. Okot alikuwepo. Alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

Nilikwenda kwenye kota za polisi, kwa Aber. Turubai limeshafungwa. Aber hakunijibu salamu. Baadaye alinipa kikombe cha chai, akakiweka chini badala ya mkononi. Ana haki. Nilimvunjia neno lake. Hata leo ningelivunja.

Wafula amepiga simu. Nikamwambia nina msiba wa rafiki. Akasema pole, ni nani? Nikamweleza. Halafu nikamwambia, siku nyingine ikitokea jambo, nipigie mimi. Si mwingine. Mimi. Akaanza kujitetea. Nikasema siombi maelezo. Akasema sawa. Sijui kama atafanya.

Mwili unasafirishwa kesho. Okot hakuniomba niende. Alileta tu begi lake chumbani kwangu, akasema zipu imeharibika, tutie nguo zetu kwenye langu.

Jumapili, 23 Aprili

Naandika kwao Okot, mbele ya nyumba, kwenye kigoda. Jana tulizika.

Safari ilikuwa ndefu. Darajani Karuma nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara kama wanaongoja gari la pili. Nakato alikuja pia, amekaa na wanawake jikoni, anawaamuru kwa lugha wasiyoijua, na wanatii.

Vijana wa ukoo walipokezana koleo. Mmoja akanipa bila kuuliza mimi ni nani. Nikafukia. Udongo ulikuwa mbichi, mzito, ulishika kwenye koleo na ilibidi kuupiga chini uanguke. Waliponiambia nipumzike nikasema bado. Aber alikuwa amesimama upande wa pili na sare yake. Aliniona.

Leo nyumba imetulia. Wageni wameanza kuondoka. Mabega yananiuma. Okot amekuja kukaa chini karibu na kigoda changu, na sahani moja ya mihogo. Tumekula. Hakuomba samahani na mimi sikusema nimemsamehe. Sijui bado kama nimemsamehe.

Kisha akauliza, bila kunitazama, mama yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Sikutoka. Nikafikiri nianze wapi. Nikamwambia alikuwa mfupi, na alipotaka kitu cha juu kabatini alikuwa hamwiti mtu. Alipanda juu ya debe na kuanza kuzungumza na kitu chenyewe, njoo wewe bakuli, njoo.

"Bakuli linakuja?" Okot akauliza.

"Mara nyingine linamwangukia."

Akatabasamu kidogo. Akanisogezea muhogo uliobaki, nikamwambia na hadithi ya pili.