Nishani ya Mama Daktari

Mama mpendwa,

Usinikasirikie kwa kuchelewa kukuandikia. Mtoto hanipi usingizi, na nikishika kalamu nasinzia.

Jana nilikwenda Marshalltown, katikati ya jiji hili, kumwona Mama Daktari akivishwa nishani. Ni yule mama mzee wa Kihindi aliyenizalisha, anayetutibu sisi wakimbizi na hajamfukuza mtu. Nje baridi kavu, ndani ya ukumbi mvuke wa biriani umepanda mpaka kwenye taa. Sari yake ya njano ilipita katikati yetu taratibu, kama asubuhi inavyoingia kwetu Uvira. Nikawa kama niko ndotoni.

Akaja akambeba mtoto. Jirani yangu, Mama Divine, akanisukuma: "Mwambie ni wajina wake. Leo ndiyo siku yake, umfurahishe."

Watu wakasogea kusikiliza. Yule mama nampenda, unajua, lakini kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake.

"Anaitwa Furaha," nikasema, "jina la mama yangu."

Mama Daktari akacheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokota: "Afadhali. Mtaani kwetu Bellevue wajina wangu wamejaa. Mtu akiniita barabarani, tunageuka sote." Akamvalisha Furaha nishani, naye akaitia mdomoni.

Sasa wajina wako hana kitu chochote kutoka kwako. Mungu akutunze, Mama, na magoti yako yapone. Nitumie kitenge ulichonibebea mgongoni, hata kama kimechakaa, shanga za kiuno, ndagala, wale samaki wetu wadogo wakavu, na picha yako, bila miwani.