Tulimwita Spai

Ijumaa, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu ni mzito.

Nimetoka Njiru, kwenye matanga ya Baba Mutua, jirani yetu wa zamani kule Maringo. Kesho anazikwa kwao Machakos. Familia imeniomba niandike wasifu wake, kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kwa kuandika. Nimekaa hapa saa nzima na sijapata hata sentensi moja.

Acha nianzie kwenye ile sinema.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nina miaka kumi. Jumamosi moja alasiri ukumbi wa mtaa ulionyesha sinema ya majasusi, na mtaa mzima ukahamia huko. Kiingereza chake kilikuwa cha mbio, hakuna aliyekidaka, lakini nani alijali? Magari yaliruka madaraja, watu walikimbizana juu ya mapaa, nasi tulisimama juu ya mabenchi tukimpigia kelele stering, shujaa wa sinema, ageuke, adui yuko nyuma. Hatukuwa na wasiwasi sana. Stering hafi, kila mtoto wa Eastlands alijua hilo. Adui alikuwa mwanamume mpole wa koti refu, mwenye kijidaftari. Kila aliyeandikwa humo alipotea.

Wiki ile hatukucheza mchezo mwingine. Kila mtu alitaka kuwa stering, adui akakosekana.

Tukampata Baba Mutua.

Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa maneno machache, na koti lake la mvua lilimfika magotini. Akitoka kazini alisimama mbele ya kinyozi, mbele ya dobi, mbele ya milango ya watu, akiandika kwenye kijidaftari. Siku moja nilimnyemelea nikachungulia. Niliona KARANJA. Jina la baba yangu.

Nilikimbia hadi kwa mama. "Baba Mutua ni spai. Ameandika baba."

Kwetu watoto ulikuwa mchezo. Kwa wakubwa haukuwa. Miaka ile mtu alipunguza sauti hata nyumbani kwake, maana hukujua nani anapeleka maneno wapi. Mama hakucheka. Alimnong'oneza jirani, na ulimi hauna mfupa. Kufikia Jumapili wanawake walikuwa wananyamaza bombani Mama Mutua akifika na ndoo yake. Baba yangu, aliyezoea kucheza drafti na Baba Mutua, akaacha kumwitikia salamu. Kabla ya Krismasi walihama, wakaenda Njiru, wakati huo kukiwa mashamba matupu.

Hakuna aliyemuuliza anaandika nini. Hata mimi.

Leo Mutua, mwanawe, amenionyesha kile kijidaftari. KINYOZI. DOBI. USITEME MATE. Herufi kubwa, zingine zimegeuka kinyume. Kisha ukurasa mzima wa KARANJA FUNDI VIATU, maneno ya kibao cha mlangoni petu, yamerudiwa mara tisa. Mstari wa mwisho umenyooka kabisa.

"Mzee alikuwa anasoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima," Mutua akaniambia. "Mwalimu wao aliwaambia wanakili vibao vya mtaani. Mama alimsihi aambie watu, akakataa. Alisema heri aitwe spai kuliko mtaa ujue mtu mzima kama yeye hajui kusoma."

Alicheka kidogo, kisha akafuta macho. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyeanzisha lile jina. Badala yake nikaomba chai nyingine.

Nimejichukia njia nzima ya kurudi. Mtu alihangaika hivyo apate kuandika jina la rafiki yake, nami nikamfanya adui kwa sababu sinema ilikuwa tamu.

Kesho nitausoma wasifu kaburini, mbele ya Mutua na mama yake. Sentensi ya kwanza sasa ninayo: Baba Mutua hakuwa spai, na wa kwanza kumwita jina hilo nilikuwa mimi.