Jogoo ya Muzee Muyisa

Kimemi, Butembo
Tarehe 14 Oktoba 2001

Mupendwa yaya Stanislas, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia mu jina la Bwana, weye na bibi yako Mariette na batoto. Afya namna gani huko Kampala? Ule mugongo wako ulipoa? Siye tuko wazima. Mama ameanza tena kwenda shambani, na maharagi yametoka muzuri. Barabara ya Beni ilifunguka wiki hii, ndiyo maana nimepata mwenye lori wa kukuletea barua.

Kazi yangu ya kuandikisha batoto banaozaliwa, ku bureau ya serikali, inaendelea, lakini tangu vita ikate inchi mushahara unafika kwa shida, na huu ni mwezi wa nane bila kitu. Batu banajua, donc kila mutu anakuja na kitu mu kitambaa. Sikiliza ile ilitufikia mwezi uliopita.

Muzee moja, jina lake Muyisa, alitoka Manguredjipa kwa miguu na mujukuu wake Sagesse. Karatasi za Sagesse ziliungua na nyumba mu vita. Alihitaji karatasi ya kuzaliwa juu aingie shule ya bauguzi, na liste ya banafunzi ilikuwa inafungwa kesho yake. Mbele ya kusema neno, muzee aliweka jogoo nyekundu juu ya meza yangu. Jogoo ya nguvu, yaya. Sikudanganye, niliiangalia sana.

Nilimwambia, "Papa, rudisha jogoo yako. Sheria inakataza mutumishi wa serikali kupokea zawadi juu ya kazi yake. Miye nitafungwa, na weye pia."

Akakasirika. "Binti, kwetu mutu hapana kufika mikono mitupu. Unazarau kuku yangu?"

"Sizarau, papa. Lakini nikipokea yako leo, kesho mujane asiye na kuku atapita mulango gani?"

Akairudisha jogoo chini ya mukono. Lakini mukubwa wetu wa bureau, chef Omer, mutu wa province ya Équateur, naye bila mushahara kama miye, alikuwa amesikia jogoo inarudishwa. Akasema hana nafasi ya kusaini, barudi wiki ijayo. Sagesse akaanza kulia. Nikatoa kitabu cha sheria kabatini, nikakifungua mbele ya chef, nikasimama palepale. Nilijua kunifukuza ni neno moja tu kwake.

Muzee akasogea. "Chef, homa haiulize mutu cheo chake. Siku moja huyu mutoto atakuchoma sindano. Ni muzuri akukumbuke kwa wema."

Omer akaangalia kitabu, akaangalia Sagesse, akacheka mpaka akavua miwani. Akasaini.

Huko nje muzee akaambia batu ba foleni, "Fungeni kuku zenu muzuri. Mule ndani banasoma sheria." Mama moja akaficha ndizi zake, bote bakacheka. Kesho yake Sagesse aliandikwa shuleni mbele ya saa sita.

Sasa Omer anasaini bila kuchelewa. Kitabu kinabaki juu ya meza yake. Anasema ni cha kuzuia upepo usibebe karatasi.

Yaya, ulinishauri niache kazi hii, nikuje kuuza bitenge na weye. Asante sana kwa moyo huo. Lakini acha nibakie kwanza. Hata mu vita batoto banazidi kuzaliwa, na lazima mutu moja aandike majina yao bure.

Salimia Mariette na batoto, Éphraïm na Elikia. Mama anababariki bote. Mungu alinde nyumba yenu, na azidi kufungua barabara tuonane.

Ni miye mudogo wako mwenye kukupenda,
Elsa