Dengu Moja, Dengu Mbili

Azezo, Gondar
9 Megabit

Mpendwa Mama Mdogo Yeshi,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko ngazi unazopanda huko Beirut. U mzima? Miguu iliyokuwa inavimba imetulia? Tajiri wako anakuachia walau Jumapili uende kanisani? Sisi tunapumua, ashukuriwe Mungu. Mama anakohoa kidogo, ni vumbi la mwezi huu tu.

Mama Mdogo, nimeolewa, na kila nikiliandika neno hilo natabasamu peke yangu. Yilkal wangu akiingia mlangoni nasahau nilichokuwa nakipika. Asubuhi hunipasha mikono kwa viganja vyake kabla sijagusa maji. Nakwambia haya kwanza ili ujue nina furaha, maana yanayofuata si ya furaha.

Najua ya harusi yetu umeyasikia, ila umesikia nusu. Siku ya pili ya sherehe areke, ile pombe yetu kali, iliisha. Gashaw na Wondifraw, mize wa Yilkal, wasimamizi ambao kwetu huwa ndugu wa mume hadi kaburini, walitoka wakarudi na dumu walilouziwa sokoni. Wote watatu na Yilkal walikuwa wanasoma famasia, darasa moja. Wondifraw akamimina kidogo kwenye sahani, akawasha kiberiti, kama wafanyavyo wapika areke vijijini. Ikawaka buluu.

“Safi kama maji ya ubatizo,” akasema. “Leteni vikombe.”

Yilkal alikuwa ameshashika chake. Mimi nikamvuta tukacheze, kwa kuwa nilitaka watu wayaone mabega yake yanavyotikisika. Kikombe kikabaki mezani, wenzake wawili wakanywa vyao.

Gashaw tulimzika hina ya harusi ikiwa bado mbichi mikononi mwangu. Wondifraw alipona, lakini macho hayakurudi.

Haikuwa areke. Ilikuwa spiriti ya kuyeyushia rangi, nayo pia huwaka buluu. Kinachomtafuna mume wangu ni kwamba walikuwa wamefundishwa kuwa moto hauzitofautishi. Jambo hilo limo katika kemia ogania, somo ambalo mwalimu wao huliita msingi wa nyumba nzima ya famasia, na wao waliliita ukuta: ruka, faulu, sahau. Siku ile mikono yao ilifuata kijiji, si darasa.

Baada ya mazishi Yilkal aliacha kwenda masomoni. Mtihani wa kemia ulikuwa unakaribia, na asiyeufanya anaondolewa famasia moja kwa moja. Nilimbembeleza kwa kila tamu niijuayo. Akanijibu, “Nikiona zile C na H, namwona Gashaw,” akageukia ukuta.

Alhamisi Wondifraw akaja, ameshikwa mkono na mama yake.

“Shemeji, bwana harusi yuko wapi?”

“Amelala.”

“Kaoa mke au kaoa godoro? Yilkal, amka wewe. Nisomee sura ya alkoholi.”

“Ya nini tena?”

“Nimeilipia. Nataka kujua nilinunua nini.”

Yilkal akaketi, akafungua kitabu. Alisoma kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya miiba. Lakini sura ile ni michoro mitupu, na Wondifraw akawa anatikisa kichwa tu, “Sioni, ndugu yangu, sioni,” mpaka mama yake akatoka nje kulia.

Mimi nilikuwa nimeloweka dengu za mfungo. Nikachomoa njiti za ufagio za kuzitungia, nikamwambia Yilkal aniambie kipi kinashikana na kipi. Dengu ikawa kaboni, haragwe likawa oksijeni. Hidrojeni tuliziacha, ni nyingi mno. Nikamwekea Wondifraw mkononi dengu mbili na haragwe moja.

“Hii ndiyo areke,” Yilkal akasema.

Kisha nikamwekea dengu moja na haragwe moja.

“Ndiyo hii?” Wondifraw akauliza.

“Ndiyo hiyo.”

Akazipapasa zote mbili, akarudia, akarudia. “Dengu moja tu,” akasema. Kisha akaing’oa ile dengu kwenye njiti, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole. “Safari hii nimeila mimi. Haya, soma. Kuna watu watakuja dirishani kwako na karatasi za daktari, na hawatajua unachowapa.”

Tangu siku hiyo alikuja kila siku. Dengu zote za mfungo zimeishia kwenye njiti.

Leo asubuhi Yilkal amekwenda kwenye mtihani. Amevaa koti la harusi, hana jingine la joto, na mfukoni nimemtilia dengu moja kavu. Aliigusa, akanibusu kwenye paji la uso. Nakuandikia huku sikio liko mlangoni.

Mama anakusalimu, na babu Negash. Wondifraw anaomba umletee miwani nyeusi ya kupendeza, watakaoiona ni sisi. Nisalimie Tiruwork na wenzako wa chumbani. Maryam akufunike kwa shela yake, akurudishe kwetu ukiwa na macho yako yote mawili.

Mwanao akupendaye na kukukumbuka,
Zenash, mke wa Yilkal