Nyota Yetu Imechukuliwa, Baba

Doha

Kwako Baba,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Mkono wa kushoto umeanza kusikia? Dada Akinyi, ambaye najua ndiye anayekusomea, aliniambia chakula unakula ila maneno bado hayatoki. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nalia, nawe hupendi hivyo.

Nina habari ya ule mchezo wetu wa mtandaoni wa vita vya nyota. Tangu kiharusi kikushike nimelinda himaya yetu peke yangu nikitoka kazini. Meli za angani zilikuwa zikipita kwenye njia maalumu tu, kutoka nyota hadi nyota, na wewe uliyezeekea kazi ya reli uliona mara moja kwamba njia zote za kutufikia zinakutana kwenye nyota moja. "Weka ngome hapa," uliniambia, "halafu ulale." Tukaijenga, na hakuna adui aliyepita.

Wiki jana wenye mchezo walibadilisha sheria. Sasa mwenye injini mpya anaruka popote, kwa kasi kuliko ya mwanga, bila kufuata njia. Maadui hawakuigusa ngome. Waliiruka tu, wakatokea kwenye nyota yetu ya nyumbani. Meli zetu zina injini za zamani. Nilizigeuza kutoka ngomeni, zikawa zinarudi kituo kwa kituo, nami nimekaa kitandani natazama. Zilipofika, hakukuwa na cha kuokoa.

Kesho yake nilimwendea tena msimamizi wa kazi, kuomba nije nikuone. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Mkataba ukiisha utaenda." Pasipoti yangu anayo yeye. Baba, sijui nifanye nini. Wenzangu wa chumbani walicheka kwamba mtu mzima analilia mchezo. Sikuwaeleza.

Ngome bado imesimama, inalinda njia isiyopitwa na mtu. Nikiibomoa nitapata vyuma vya kuanzia upya, lakini uliiweka wewe. Siwezi kuigusa.

Nisalimie Mama, na shangazi wa Kisian akija. Mama Njeri, jirani yetu hapo Migosi, mwambieni asante kwa kukupeleka kliniki wakati mimi mwanao siwezi.

Jumapili baada ya kanisa nitapiga. Usijisumbue kusema, Baba. Akinyi aiweke simu karibu na mdomo wako, nisikie tu unavyopumua.

Mwanao,
Odhiambo