Pete ya Jua na Debe la Mwisho

Bahati, Jumapili, Aprili 1971

Nimemwomba asipande, na amepanda. Debe letu la mwisho la mahindi, lile tulilokuwa tunasaga kidogo kidogo, mume wangu amelifukia lote kwenye vumbi.

Ni ile pete. Tulipotoka kanisani watu walikuwa wamesimama uwanjani wakitazama duara kubwa jeupe kuzunguka jua. Wazee wakasema mvua imefika.

"Wewe mwalimu, hiyo ni nini?" mume wangu akaniuliza njiani.

Nikamweleza vile ninavyofundisha darasani: juu sana kuna wingu jembamba la chembe za barafu, na mwanga wa jua ukipita humo unapinda, ndiyo tunaona duara.

"Barafu si ni maji?"

"Ni maji, lakini hayo hayafiki chini. Wakati mwingine wingu la mvua hufuata, wakati mwingine halifuati. Ngoja kidogo, Baba Njeri."

"Ng'ombe wamekufa nikingoja."

Tulipofika nyumbani akachukua jembe. Alichimba huku midomo inatetemeka. Sijawahi kumwona hivyo. Nikavua viatu vya kanisa, nikamfuata nyuma nikidondosha mbegu.

Alasiri pete ikapotea. Anga ikabaki tupu.

Sasa amekaa mlangoni, bado anatazama juu. Njeri, binti yetu, ameuliza kama kesho kuna uji. Mbegu bado ni kavu, naweza kuzifukua zote alfajiri kabla hajaamka. Lakini akinikuta nikizifukua, huyu mtu atavunjika, na mimi sitaweza kumwinua.