Sauti ya Sagini Tuliyoifuta Wenyewe

Mwaka umetimia, Sagini, tangu tukuzike pale juu ya shamba la chai, na uchungu wetu bado haujapoa. Tunajikasirikia wenyewe.

Wiki nzima ulikuwa mwalimu. Jumamosi jioni, kwa saa moja, ulikuwa mtu wa redio, kwa kile kituo kidogo cha Silibwet. Ulikuwa ukitupigia muziki wa okestra, ukichambua filamu, kisha ukisoma mashairi ya wachuma chai. Filamu mbovu uliiita mbovu, hata kama mwenye duka la video ni rafiki yako. Lakini shairi la mtu hukulicheka hata siku moja. Ulimpigia mtunzi simu kwanza, umuulize jina lake linatamkwaje.

Na sisi je? Haki, hata saa yako hiyo moja tulikunyima. Tulihamisha stesheni. "Hiyo muziki yako inalaza hata ng'ombe," tulikwambia, ukacheka. Mama peke yake ndiye aliyeketi jikoni na redio yake mpaka kipindi kiishe.

Kituo hakikuhifadhi kitu. Wewe ndiye uliyeweka vipindi vyote vya miaka sita kwa flashi moja. Asubuhi ya mazishi mtu wa spika alikosa nyimbo za kanisa. Zack, mdogo wako, akachukua flashi mezani kwako, akakimbia nayo duka la simu.

"Imejaa hii. Nifute?" mwenye duka akamuuliza.

"Futa tu, watu wanangoja," Zack akamjibu.

Tukakuimbia na hiyo flashi mpaka saa tisa.

Wiki iliyofuata Mama akaomba asikie kipindi kimoja tu. Ndipo tukajua tulichofanya. Hajamlaumu Zack hata kidogo. Afadhali angemtukana.

Nyinyi mliosema matangani kwamba mlimpenda sana redioni: kama mmoja wenu alirekodi, hata dakika mbili kwa simu, tafadhali mleteeni Mama. Tumeuliza Longisa, tumeuliza mpaka Kipkelion. Kila mtu anasema alikuwa anasikiliza tu.

Unakumbukwa na mama yako Mongina; na Zack, aliyekataa jina lake liwekwe hapa lakini tumeliweka; na mimi dada yako Nyakerario, ninayeandika.

Hatutakusahau kamwe, ndivyo familia huandika. Lakini juzi nilijaribu kumwigia Mama vile ulivyokuwa ukisalimia wasikilizaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Si hivyo," akasema. Nami sikumbuki tena ilikuwaje.